Kutembea si Bure: Hesabu ya Shosho, Saratani na Raba za 1,200

Kitu ghali zaidi kwa nyumba ya shosho yangu hapa Mosocho si TV wala friji. Ni kiti. Kiti cha mbao chenye mto wa sponji, kilichotengenezwa na fundi wa hapa stejini kwa pesa kidogo sana. Shosho alikuwa anakalishwa hapo asubuhi akitoka kitandani, anakula hapo, anasali hapo, anaangalia mvua ya saa tisa ikinyesha hapo, mpaka jua linapotea nyuma ya migomba. Miezi saba. Wueh. Hicho kiti kilitumeza pesa nyingi, na hakuna mtu alikuwa anaziandika mahali.

Wacha niwaelezee.

Shosho ana miaka 72. Saratani yake ilikuwa ya utumbo mpana. Alifanyiwa upasuaji, akapewa kemo karibu miezi sita, akamaliza. Siku tuliambiwa vipimo viko sawa tulilia, tukachinja kuku, watu wa jumuiya wakaja kuomba na kuimba mpaka usiku. Kitu cha mwisho tulichoambiwa kabla ya kutoka kwa hiyo hospitali, ambayo siitaji jina, kilikuwa neno moja: apumzike. Basi. Hakuna aliyesema apumzike wiki ngapi, wala akishapumzika afanye nini.

Na ukiiambia familia ya Kisii mgonjwa apumzike, inampumzisha kweli kweli. Mama mzima aliyekuwa anabeba mkungu wa ndizi kutoka shambani hadi barabarani akaanza kupigwa marufuku kuchuma chinsaga nyuma ya jikoni. Akishika ndoo, mtu anamnyang'anya. Akisimama, watu watatu wanauliza, "Unaenda wapi, magokoro? Kaa tukuletee." Hiyo ni mapenzi, sipingi. Lakini misuli haijui mapenzi. Misuli inajua kutumika ama kuisha.

Ikaisha. Kwanza alianza kuhitaji mkono ili atoke kwa kiti. Halafu akahitaji mtu wa kumpeleka chooni. Halafu akaanguka siku moja njiani kwenda huko chooni, na Anti yangu, anayeuza ndizi Daraja Mbili, akafunga meza yake ili akae nyumbani amwangalie. Anti alikuwa anaenda soko siku tatu kwa wiki, na siku nzuri anabaki na kama 800 akishatoa nauli na ushuru. Alikaa nyumbani wiki 20. Piga 800 mara tatu mara 20. Ni 48,000. Hiyo ndiyo bei ya kiti, na hapo sijaweka karo ya binamu yangu iliyochelewa.

Sasa, sisi ni watu wa huku Gusii. Mwaka wa 1968 kule Mexico City, medali ya kwanza ya dhahabu ya Kenya kwenye Olimpiki ililetwa na Naftali Temu, mtu wetu, mita 10,000. Yobes Ondieki naye mwaka wa 1993 alikuwa binadamu wa kwanza kukimbia hizo mita 10,000 chini ya dakika 27. Tunajua miguu ni mali. Lakini mtu akipata saratani tunasahau ghafla. Tunamtoa kwa kundi la watu wenye miguu, tunamweka kwa kundi la watu wa kuombewa.

Hii stori ingeishia hapo kama si pesa za harambee. Bili zote zilipolipwa, ilibaki shilingi 14,300 kwa simu ya mweka hazina, na grupu ya familia kwa WhatsApp ikawaka moto. Baba mdogo akasema tununue maziwa ya unga ya wagonjwa. Mkebe mmoja 3,200, kwa hivyo mikebe minne. Mjomba wa Nairobi akasema hapana, shosho amefanya kazi maisha yake yote, anunuliwe kiti kizuri cha kulala nyuma, ameona kimoja kwa 13,500. Mimi nikasema tumpeleke kwa fizio mara nne na tumnunulie raba za kutembea.

Kimya. Halafu Baba mdogo akaandika: "Kutembea ni bure. Kwa nini tulipie kutembea?"

Hilo swali ndilo limenifanya niandike hii yote, kwa sababu ni swali zuri. Watu wengi wanafikiria hivyo hivyo. Mazoezi ni bure, kwa hivyo mtu asipofanya ni uvivu wake, na serikali haina haja kuweka pesa hapo. Mimi nadhani hiyo ni hesabu mbaya.

Kuna watu kazi yao ni kupima kama matibabu fulani yana thamani ya pesa yake. Hawaulizi tu, "Ni bei gani?" Wanauliza, "Ukilinganisha na kile tungefanya badala yake, hii pesa ya ziada inatununulia afya kiasi gani?" Na hawahesabu miaka mtu aliyoishi tu, wanahesabu pia ameishi vipi. Tuseme mwaka mmoja wa afya kamili ni alama moja. Mwaka wa kukaa bila nguvu, unategemea watu kwa kila kitu, unaweza kupewa nusu alama. Kwa hivyo miaka miwili hivyo ni sawa na mwaka mmoja mzima. Kule Uingereza, kwa miaka mingi, wale wanaoamua dawa gani ilipiwe na serikali walikuwa wanatumia kipimo cha pauni 20,000 hadi 30,000 kwa kila alama moja. Dawa ikileta alama kwa bei hiyo ama chini yake, inapita. Ikizidi sana, kuna maswali.

Na kuna matokeo matamu kuliko yote: kitu ambacho kinaleta afya zaidi na pia kinapunguza gharama. Kama kumtoa shosho kwa kiti na Anti arudi sokoni. Hapo hata huhitaji kikokotoo.

Lakini ushahidi uko? Uko, na ni wa juzi tu. Mwezi wa Juni 2025, kwa mkutano mkubwa wa madaktari wa saratani Chicago, yalitolewa matokeo ya utafiti unaoitwa CHALLENGE. Ulianza mwaka wa 2009, ukaongozwa na watafiti wa Kanada, na wagonjwa wengi walikuwa wa Kanada na Australia. Watu 889, wote na saratani ya utumbo mpana kama shosho, wote wamemaliza upasuaji na kemo. Umri wa katikati ulikuwa miaka 61, kwa hivyo hawa si vijana wa jimu.

Waligawanywa kwa kura. Nusu walipewa vijitabu vya kuwafundisha kuhusu chakula bora na mazoezi, wakaenda nyumbani. Nusu ile nyingine walipewa mtu. Ndiyo, mtu. Mshauri wa mazoezi aliyekutana nao mwanzoni kila wiki mbili, baadaye mara moja kwa mwezi, kwa miaka mitatu. Anauliza, "Wiki hii umetembea? Imekuwaje? Goti linauma? Basi tubadilishe hivi." Zoezi lenyewe halikuwa la ajabu. Wengi wangelifikia kwa kutembea haraka haraka dakika 45 hadi saa moja, mara tatu au nne kwa wiki.

Baada ya miaka minane, waliokuwa bado hai kwa kundi la kijitabu walikuwa asilimia 83.2. Kundi la mtu, asilimia 90.3. Tofauti ni 7.1. Kwa lugha ya mtaa: ukichukua watu 14 wa aina hiyo na kuwapa mtu wa kuwasukuma kutembea, mmoja zaidi atakuwa hai mwaka wa nane. Kama hiyo ingekuwa dawa ya chupa, ingekuwa na bei ya kukufanya uuze shamba.

Sasa rudi kwa swali la Baba mdogo. Wale wa kijitabu pia walijua kutembea ni kuzuri. Barabara kwao ilikuwa bure pia. Tena barabara za Kanada, zenye njia ya waenda kwa miguu, si huku kwetu ambapo ukishuka kwa lami ya Kisii kwenda Kisumu kuna boda boda kushoto, Probox kulia, na mtaro katikati. Kilichowatenganisha hawa wawili ni kwamba kundi moja lilikuwa na mtu anayeuliza wiki hadi wiki. Kwa hivyo barabara ni bure, sawa. Mtu wa kutembea nawe ndiye ana bei. Na huyo ndiye anafanya kazi.

Kabla mniite mhubiri wa mazoezi, wacha niseme na upande ule mwingine. Si kila programu ya mazoezi inalipa. Waholanzi walifanya utafiti unaoitwa PACT: wiki 18 za mazoezi ya kusimamiwa kwa watu wakiwa bado kwa kemo, wengine wa saratani ya titi, wengine ya utumbo mpana. Matokeo ya hesabu yalitolewa mwaka wa 2017. Kwa wale wa utumbo mpana, mazoezi yalishinda pande zote mbili, afya juu na gharama chini. Kwa wale wa titi, haikuonekana kwamba programu inarudisha thamani ya pesa iliyotumika. Si ati mazoezi ni mabaya kwao. Ni kwamba kwa bei hiyo, na muda huo, faida iliyopimwa ilikuwa ndogo. Kwa hivyo mtu akikwambia mazoezi yanalipa kila mahali, kwa kila mtu, muulize: mazoezi gani, nani anayasimamia, na mshahara wake unatoka wapi?

Na hata CHALLENGE haikuwa bila maumivu. Watu wa kundi la mazoezi walipata shida za misuli, viungo na mifupa zaidi, asilimia 18.5 dhidi ya 11.5 ya wale wa kijitabu. Mtu mzee akianza vibaya ataumia. Hiyo pia ni gharama, iandikwe.

Sawa. Tuilete hesabu Mosocho. Hii ni ya kalamu na karatasi, bei nimezikadiria mimi, kwa hivyo zibishie ukitaka. Tuseme kuna kundi la wazee 14 waliomaliza matibabu ya saratani ya utumbo mpana. Wanakutana mara tatu kwa wiki, asubuhi kabla ya mvua, kwa uwanja wa kanisa au wa shule. Kiongozi analipwa 500 kila siku wanayokutana. Kwa miaka mitatu ni siku 468, kwa hivyo 234,000. Fizio anakuja mara moja kwa mwezi kuangalia magoti na migongo, tumpe 3,000 kila safari, mara 36, ni 108,000. Raba za watu 14 kwa 1,500 kila mmoja ni 21,000. Jumla: shilingi 363,000. Gawanya kwa 14, ni kama 26,000 kwa kila mzee kwa miaka mitatu. Kwa mwezi ni kama 720. Kuna watu wanakula hiyo kwa bando na kuku wa kukaanga wikendi moja.

Sasa weka hiyo 363,000 kando ya namba nyingine. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, kifurushi cha saratani kilianza na 550,000 kwa familia moja kwa mwaka mmoja: 400,000 kutoka hazina ya bima yenyewe, na 150,000 kutoka hazina ya dharura na magonjwa sugu. Yaani miaka mitatu ya kutembeza wazee 14 ni chini ya kiwango cha juu cha nyumba moja kwa mwaka mmoja. Na kama kundi hilo litapata hata nusu ya faida waliyopata wale wa CHALLENGE, bado ni bei ambayo dawa nyingi za saratani haziwezi kukaribia.

Msinielewe vibaya. Sisemi tupunguze kemo tuweke raba. Shosho yuko hapa kwa sababu ya kisu cha daktari na kemo, si kwa sababu ya matembezi. Kuna mama huko kwenu sasa hivi anahitaji pesa yote ya hicho kifurushi na haimtoshi. Ninachosema ni kwamba tunaweza kuchangisha laki na laki kumtoa mtu kwa mdomo wa mamba, halafu tunamwacha akauke ukingoni kwa kukosa 720 kwa mwezi. Kwa takwimu za kimataifa za 2022, Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani 44,726 mwaka huo, na vifo 29,317. Tunazungumza sana kuhusu hiyo namba ya pili, na ni sawa. Lakini wale wanaovuka wanarudi nyumbani, na nyumbani hakuna mpango.

Turudi kwa grupu ya familia. Niliandika hesabu yangu wazi wazi: fizio mara nne kwa 1,500 ni 6,000. Raba 1,200. Nauli ya Probox ya watu wawili kwenda mjini na kurudi, 280 kila safari, mara nne ni 1,120. Jumla 8,320. Inabaki 5,980, mnunulie mkebe mmoja wa maziwa na mayai ya mwezi. Nikaweka na ile 48,000 ya Anti chini kabisa. Mjomba wa Nairobi akanyamaza siku mbili. Halafu akaandika "Sawa," bila emoji.

Fizio alianza na kitu rahisi. Alimwambia shosho aketi, akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Alifika mara nne, tena ya nne kwa kusukumwa na aibu. Kile kiti tulichokuwa tunamwekea kikawa chombo cha mazoezi. Nyumbani ilikuwa kusimama na kuketi mara tano, asubuhi na jioni, halafu kutembea hadi kwa geti. Wiki ya pili hadi kwa mti wa parachichi. Wiki ya sita hadi kwa duka. Ndoo yenye maji kidogo ikawa chuma chetu cha jimu. Wiki ya 16, kwa sekunde 30 alisimama mara kumi. Siku hiyo hiyo alienda chooni peke yake na akafunga mlango, akakaa huko muda mrefu kabisa, nadhani kwa raha tu ya kufunga mlango. Anti alirudi Daraja Mbili wiki iliyofuata.

Mtaniuliza kama saratani itarudi ama haitarudi. Sijaahidiwa hilo na mtu, na utafiti hauahidi mtu mmoja mmoja, unaongea kuhusu makundi. Lakini alama za mwaka huu tayari tumezipata, na mkononi mwa Anti kuna pesa tena.

Sasa nafika mahali ambapo familia ilinikasirikia. Wazee wengine wanne wa hapa karibu waliona shosho akipita na raba, wakauliza. Mmoja ametoka saratani ya titi, mmoja ya tezi dume, wawili ni presha na magoti tu. Tukaanza kutembea wote, saa moja asubuhi, Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, ndani ya uwanja wa kanisa kwa sababu barabara kuu ni kifo. Mimi ndiye nawasubiri, nawahesabia, naona nani anahema vibaya, naenda kwa nyumba ya yule ambaye hajakuja. Baada ya mwezi mmoja nikasema kila nyumba itoe 60 kila siku tunayotembea. Watu watano, 300 kwangu.

Manze, nilichambuliwa. "Utalipisha magokoro wako kutembea?" "Si huna kazi, unakaa tu hapo nyumbani na simu?" "Zamani tulikuwa tunawaangalia wazee bure."

Zamani nani alikuwa anawaangalia bure? Angalia vizuri. Ni Anti aliyefunga meza. Ni msichana aliyemaliza chuo na anangoja kazi. Ni bibi wa mtu. Sijawahi kuona mjomba akiitwa kutoka Nairobi aje atembeze mtu. Tunaposema mazoezi ya wazee ni bure, mara nyingi tunamaanisha kuna mwanamke ambaye saa zake hatuzihesabu. Na hesabu inayoficha gharama kwa mgongo wa mtu fulani haijapunguza gharama. Imeihamisha tu.

Ndiyo maana nilikataa kushuka bei. Namheshimu shosho, ningetembea naye hata kwa bure, na siku nyingine hizo jioni tunatembea bila hesabu yoyote, yeye akinisimulia Mosocho ilivyokuwa kabla ya lami. Lakini kazi ya asubuhi, ya watu watano, mara tatu kwa wiki, yenye kuangalia mtu asianguke, ni kazi. Mwishowe walikubali. Yule mzee wa tezi dume ndiye alimaliza ubishi. Alisema, "Boda boda ananilipisha mia kunipeleka kliniki. Huyu 60 ananizuia kwenda." Kwisha.

Kwa wenzetu Afrika Kusini jambo kama hili limekua mpaka likawa sifa. Beka Ntsanwisi, mama wa Limpopo aliyekuwa akiugua saratani ya utumbo mpana, alianzisha timu ya mpira ya mabibi, Vakhegula Vakhegula. Alitaka hao mabibi wasogeze mwili badala ya kukaa na magonjwa. Mwaka wa 2010 walienda Marekani kucheza mashindano. Mabibi na njumu! Hakuna jimu hapo, hakuna mashine. Kuna mtu mmoja aliyewaita na kuwasubiri uwanjani.

Lakini mtu mmoja si mpango, na hapo ndipo nina wasiwasi. Nimeitwa intavyu Nakuru mwezi ujao. Nikipata hiyo kazi, naenda, na hakuna mtu atanilaumu. Je, Jumatatu itakayofuata nani atasimama pale uwanjani saa moja?

Jibu liko tayari, halijapewa tu hiyo kazi. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wale wanaopita nyumba kwa nyumba na begi lenye mashine ya presha na ya sukari. Posho yao ilipangwa kuwa 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Nairobi na nusu kutoka kaunti. Wanajua kila nyumba ina mgonjwa gani. Mpe mmoja wao kundi la wazee, mpe mafunzo ya siku chache na fizio wa kumpigia simu, na umwongezee malipo ya kweli kwa hizo asubuhi. Usimrundikie kazi nyingine ya bure, tumeshaona hiyo ni hesabu ya uongo. Halafu siku mgonjwa anamaliza kemo, karatasi anayopewa isiandikwe "apumzike" peke yake. Iandikwe na jina la kundi, siku, na saa.

Kama una shosho au guka aliyemaliza matibabu, kuna kitu unaweza kufanya kabla ya kaunti kuamka. Kwanza muulize daktari wake: damu iko sawa? Mifupa ina shida yoyote? Moyo? Kidonda cha upasuaji kimepona? Usiruke hapo, kwa sababu saratani iliyoingia mifupani au damu iliyopungua sana inabadilisha kila kitu. Wataalamu wanapendekeza kuanzia kitu kama dakika 30 mara tatu kwa wiki, na mazoezi ya nguvu mara mbili, lakini mzee aliyekaa miezi anaanza na dakika tano, na tano si aibu. Akisikia kizunguzungu, maumivu ya kifua, au maumivu mapya ya mfupa, simama, mpeleke hospitali. Tafuta uwanja usio na boda boda. Nunua raba kabla ya maziwa ya mkebe.

Na kama nyumbani kwenu kuna mtu tayari anafanya hii kazi, mlipe. Hata kama ni 60. Hata kama ni dada yako na ana simu mkononi. Mimi wiki hii nafundisha binti wa jirani jinsi ya kuhesabu sekunde 30 na jinsi ya kumwangalia mtu pumzi bila kumtia wasiwasi. Bei ni ile ile, na wazee wameshaambiwa.